Kitambaa Chekundu cha Pisupo

Nyumba ya kina Fuatino ndiyo pekee upande ule wa barabara iliyokuwa haina kitambaa chekundu, na mwanawe Tilomai alilichukulia jambo hilo kama aibu ya ukoo mzima.

"Kwa Sieni kipo," alisema, akinyoosha kidole kimoja kimoja. "Kwa mzee Falaniko kipo. Hata kwa yule mama wa nguruwe asiyependa watu, kipo. Sisi tu! Krismasi inakuja na sisi tumekaa kama hatujaambiwa."

"Hayo si mapambo," alisema Fuatino, macho yake kwenye mkeka aliokuwa akiusuka.

"Sasa ni nini?"

"Ni mambo ya watu wazima."

"Krismasi ni ya watoto. Mchungaji ndiye aliyesema, si mimi."

Fuatino alivuta jani la mkadi kwa nguvu mpaka likachanika. Kwenye kona Bibi Lusia, mama mkwe wake, alijikohoza kikohozi kile cha mtu mwenye neno ambaye ameamua kulimeza. Kikohozi hicho kilikuwa kimesikika sana ndani ya nyumba ile tangu Novemba.

Ilikuwa Desemba ya mwaka ule wa surua. Shule za Samoa zilikuwa zimefungwa, watoto wamekatazwa kwenda kanisani na sokoni, na majeneza yaliyokuwa yakitengenezwa mjini yalikuwa mafupi mno. Kisha amri ikatoka kwamba watu wote wakae majumbani, magari yasitembee, na kila nyumba yenye mtu asiyechanjwa itundike kitambaa chekundu mbele, ili manesi wakipita wajue pa kusimama. Barabara ya pwani ikanyamaza, na mbwa wakalala katikati yake kana kwamba wameinunua. Wanawake wa kamati ya kijiji walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakigawa vitambaa. Fuatino alikipokea cha kwake kwa mikono miwili, akashukuru kwa heshima zote, akakifungia ndani ya sanduku.

Hakuwa mjinga, na wala hakuwa na moyo mgumu. Alikuwa na mtoto mwingine, Iosua, aliyechanjwa akiwa na mwaka mmoja na kufa siku ya tatu. Daktari alimketisha akamweleza kwa upole kwamba mtoto alikuwa na homa ya mapafu ambayo ingemchukua kwa vyovyote, na sindano haikuhusika. Fuatino aliyasikia maneno yote, akaitikia kwa kichwa, akaenda nyumbani. Lakini kichwa kilielewa, moyo ukakataa. Tangu siku hiyo hakuna sindano iliyomgusa Tilomai, ambaye ya surua alikuwa bado hajachomwa, na mumewe Setefano, aliyekuwa New Zealand akichuma matufaha, alipoulizwa kwa simu alisema, "Fanya unavyoona wewe." Hilo ndilo jibu la mtu aliye mbali.

*

Mti wa Krismasi ulikuwa tawi la mvinje alilolikata Bibi Lusia mwenyewe na kulisimamisha ndani ya ndoo ya mawe. Lilikuwa limeinama upande mmoja. Tilomai alisema limeinama kwa sababu linasali, na toka hapo hakuna aliyethubutu kulinyoosha.

Mapambo yalikuwa ya kuokoteza: vifuniko vya makopo vilivyotobolewa kwa msumari, karatasi za peremende, makombe ya pwani, na nyota ya bati iliyopoteza ncha mbili. Kazi hii Tilomai aliifanya kwa makini ya seremala, ulimi nje, akirudi nyuma kila mara kukadiria. Na kila alipotundika kitu, Pisupo alikitundua.

Pisupo alikuwa paka mdogo mweupe mwenye doa la rangi ya chungwa usoni, kama mtu aliyenawa akasahau shavu moja. Aliokotwa nyuma ya duka ndani ya boksi la pisupo, ile nyama ya kopo ambayo bila hiyo hakuna harusi wala matanga, na jina likabaki. Alikuwa amepanda mvinje mara nyingi asubuhi ile kuliko fundi anavyopanda paa. Alikula karatasi moja ya peremende, akaitapika kwenye mkeka wa Fuatino. Alilala ndani ya ndoo. Alipigana na nyota ya bati, akashindwa, akajifanya hakuwa na habari nayo.

"Bibi, ananiharibia!"

"Anakusaidia," alisema Bibi Lusia. "Msaada wa paka ndivyo ulivyo. Hata babu yako alikuwa akinisaidia hivyo hivyo."

Fuatino alicheka, ingawa hakutaka, akatoka kwenda jiko la nje kukoroga kakao. Ukweli ni kwamba alimpenda mtoto yule mpaka akaogopa. Kila alipomtazama akizungumza na paka kama mwalimu na mwanafunzi mtukutu, alijikuta akimsikiliza kama anakohoa. Alitamani surua ipite barabarani kama gari la wageni, itazame nyumba yake, isione kitambaa, iende zake.

Aliporudi na sufuria mkononi, sanduku lilikuwa wazi.

Pisupo alikuwa ndani, mkia tu ukionekana, akitupa vitu nje kama mtu anayehama. Sakafuni kulikuwa na shuka, kitabu cha nyimbo, na kijishati cha manjano chenye kifungo kimoja. Na mbele ya mti alisimama Tilomai, kitambaa chekundu kimeshachanwa vipande virefu, vipande vimeshazungushwa kwenye matawi. Kimoja, kirefu kuliko vyote, alikuwa amemfunga paka shingoni kwa fundo la kipepeo.

"Mama, tazama! Kumbe na sisi tunacho! Kilikuwa kimejificha!"

Fuatino hakuona mti. Aliona kijishati. Alikiokota, akakikunja haraka, akakirudisha ndani ya sanduku, halafu sauti ikamtoka ambayo yeye mwenyewe hakuijua. "Nani kakwambia ufungue hapa? Vua hivyo vitambaa! Vua vyote!"

Tilomai aliganda. Pisupo hakuganda. Sauti ile ilimrusha hewani, akatua, akatoka mbio kati ya nguzo za nyumba, utepe mwekundu ukimfuata nyuma. Mbwa wa barabarani waliokuwa wamelala siku nzima wakapata kazi. Kulikuwa na kubweka, vumbi, na kuku wa jirani wakiapa kwa lugha yao. Vumbi lilipotulia, paka alikuwa juu kabisa ya mshelisheli ulioinamia barabara, na kutoka pale utepe mwekundu ulining'inia ukapepea, ukaonekana kutoka pande zote mbili za kijiji.

"Ee Mungu wangu," alisema Fuatino.

Bibi Lusia alikohoa.

*

Gari pekee lililoruhusiwa barabarani siku ile halikuchelewa. Lilikuja polepole, likasimama chini ya mshelisheli, na akateremka nesi mmoja, mwanamume mkubwa, mkubwa kweli, wa aina ambayo akishuka, gari hupumua. Alivaa kikoi cha buluu chenye mifuko na shati jeupe lililokwisha kulowa jasho. Jina lake Penitusi, na alikuwa amefanya kazi tangu kabla ya jua.

"Hamjambo wenye nyumba! Nimeona kitambaa. Nani hapa hajachanjwa?"

Majirani walikuwa wamesogea kwenye nguzo za nyumba zao, kila mmoja akijifanya anatazama kitu kingine. Fuatino alihisi macho yao mgongoni. Kamati ilikuwa imemwamini alipokaa kimya. Sasa hapa palikuwa na kitambaa, juu ya mti, shingoni mwa paka.

"Samahani sana, bwana nesi," alisema, akiinamisha kichwa. "Ni makosa. Mtoto alikuwa anapamba mti wa Krismasi. Alidhani vile vitambaa ni mapambo."

"Mapambo?"

"Ya Krismasi."

Penitusi alimtazama, kisha akatazama mstari wa vitambaa vyekundu ulioteremka barabara nzima mpaka kwenye kona ya kanisa. Aliutazama kwa muda, kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza. "Hasemi vibaya," alisema taratibu. "Ingekuwa Krismasi nzuri hiyo. Kwa hiyo hapa wote wamechanjwa?"

"Wote," alisema Fuatino.

Neno hilo lilitoka jepesi, likaanguka zito. Tilomai, aliyekuwa amejificha nyuma ya kanga ya bibi yake, alitoa kichwa. "Pisupo hawezi kushuka," alisema, midomo ikimtetemeka. "Anajua kupanda tu. Kushuka hatujamfundisha."

Nesi alitazama juu. Paka alitazama chini na kulia kilio chembamba cha mtu aliyejiletea mwenyewe.

"Mti huu utanibeba?" Penitusi akauliza.

"Umewahi kubeba nguruwe," akajibu Bibi Lusia. "Wakati wa mafuriko."

"Asante, mama. Umenitia moyo."

Alivua ndala zake, akazipanga vizuri ukingoni mwa barabara, akaanza kupanda. Dereva wake akapiga kelele kutoka garini: "Penitusi! Ukianguka wewe nani atanichoma mimi dawa?" Kicheko kikaenda kutoka nyumba hadi nyumba, cha kwanza kusikika kijijini kwa wiki nyingi, na watu walishtuka kidogo walipojisikia wakicheka. Matawi yalilalamika. Shelisheli moja bichi likaanguka, likapasuka karibu na ndala. Jitu lile lilipanda kwa ustadi ambao hakuna aliyeutarajia, likabembeleza, likaita, likaunyoosha mkono mzima, na Pisupo kwa shukrani zake akamchana kutoka kiwiko mpaka kifundo.

Penitusi hakumwachia. Aliteremka na paka kifuani ndani ya shati, damu ikimtiririka mkononi, akamkabidhi Tilomai kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi ya harusi.

"Amekuchoma sindano," Tilomai alisema kwa mshangao.

"Tena bila spiriti."

"Na hujalia."

"Nitalia kwenye gari," alisema nesi. "Huko hakuna anayeniona." Alifungua fundo la kipepeo, akaukunja utepe mwekundu ili aondoke nao. "Basi, wenye nyumba. Kama wote mmechanjwa, mbaki na amani."

Mila ya pale haimruhusu mgeni kupita nyumba wakati wa chakula bila kuitwa ndani. Hata adui huitwa, atakataa mwenyewe akipenda. Kakao ilikuwa ikitoa harufu mpaka barabarani, magimbi yalikuwa yameiva, na mtu huyu alikuwa ametoka damu kwa ajili ya nyumba yao. Bibi Lusia alimtazama mkwe wake na safari hii hakukohoa. Alingoja. Fuatino alijua kwamba Penitusi akiingia, akaketi, akamwona mtoto kwa karibu, uongo wake hautafika mwisho wa kikombe. Nesi alikuwa ameshavaa ndala moja.

Ndipo sauti ikavuka barabara.

"Fuatino!"

Alikuwa Sieni. Tangu wiki mbili zilizopita Sieni hakuwa amesema na mtu. Alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, mkono umeshika kitambaa chake chekundu alichowatundikia watoto wawili waliobaki. Mwanawe mdogo, Tavita, alikuwa rafiki wa Tilomai wa kuchimba mchanga. Fuatino hakwenda kumzika kwa kuogopa ugonjwa, na tangu siku hiyo hakuwa na uso wa kumtazama.

"Fuatino, usimwache apite," Sieni alisema. Hakupaza sauti sana, lakini barabara ilikuwa kimya. "Walipokuja mara ya kwanza, mimi niliwaambia wapite. Niliwaambia kwangu wote wameshachanjwa."

Majirani waliacha kujifanya. Ilikuwa fedheha kubwa kujivua hivyo mbele ya kijiji, na Sieni aliibeba kichwa juu, kwa ajili ya mtoto asiyekuwa wake. Mtu akiniuliza ushujaa ni nini, nitamwonyesha mwanamke yule na kitambaa chake.

Machozi yalimtoka Fuatino bila kwikwi. Alimgeukia mgeni, akayasema maneno ambayo kila mtu wa pale huyasema kila siku bila kuyafikiria.

"Karibu ndani," alisema. "Karibu ule."

Penitusi alivua ndala tena.

*

Alikula kwanza, maana hakuna kazi inayofanywa kwa mgeni mwenye njaa. Bibi Lusia alimsafisha mkono na kumwambia achanjwe pepopunda. Kisha, bila kuulizwa, Fuatino alisema yote: Iosua, siku ya tatu, daktari mpole, sanduku.

Nesi aliweka kikombe chini. Hakumkemea, wala hakumpa hotuba. "Nina watoto watatu," alisema. "Wote nimewachoma mwenyewe. Wa mwisho, mkono ulitetemeka mpaka mke wangu akaniambia, basi lete hiyo sindano nikuchome wewe kwanza. Mimi ninayejua, nilitetemeka. Sasa wewe je? Siwezi kukuambia usiogope, dada yangu. Naweza kukuambia tu kwamba wote walioletwa kwangu wiki hizi tukashindwa kuwaamsha, hawakuwa wamechanjwa."

Tilomai alikuwa amesikiliza, paka mapajani. "Kwa hiyo kile kitambaa hakikuwa cha Krismasi," alisema. "Kilikuwa changu."

"Kilikuwa chako," alisema Fuatino.

"Ungeniambia. Ningekitundika vizuri zaidi."

Akajipakata Pisupo vizuri, akanyoosha mkono wake mwembamba, akamwonya paka kwa sauti ya ukali: "Na wewe utazame, ujifunze. Uliyemchoma wewe hakulia." Sindano ilipoingia, alilia, tena sana, akasema ni paka ndiye aliyelia. Fuatino alimshika kwa mikono yote miwili na hakugeuza macho. Alikuwa amegeuza macho siku ya Iosua, na hakutaka kugeuza tena.

Wakati wa kuondoka nesi alitazama mvinje ulioinama, umezungushiwa vipande vyekundu kuanzia chini mpaka nyota. Sheria ilisema kitambaa kishushwe mtu akishachanjwa. Tilomai aliliona jicho lake, akasimama mbele ya mti na mikono kiunoni.

"Sheria inasema cha barabarani," alisema Penitusi akikuna kidevu. "Cha ndani ya nyumba mimi sikukiona."

*

Siku ya pili homa ilimpanda mtoto. Nesi alikuwa amesema huenda ikapanda kidogo na isiwe neno, lakini maneno hayo yalikuwa mbali, paji lile la uso ndilo lililokuwa karibu. Fuatino alimkanda kwa maji. Sieni alivuka barabara na madafu, akaketi upande wa pili wa mkeka, na wanawake wawili hawa hawakuombana msamaha. Walipokezana kitambaa cha maji.

Ili kuupitisha mchana Fuatino alimwuliza mama mkwe wake, "Mama, lile sanduku nililifunga. Nani alilifungua?"

"Paka."

"Paka anafungua kufuli?"

"Paka yule?" Bibi Lusia alisema, akisuka mkeka wa mwenzake bila kuinua uso. "Paka yule ukimpa ufunguo anaendesha gari."

Fuatino alimtazama kwa muda mrefu. Halafu alimshika mkono kizee yule, akaubusu, na Bibi Lusia akakohoa, lakini sasa kwa sababu nyingine.

Asubuhi ya siku ya tatu Fuatino aliamka na hakufumbua macho. Alilala hivyo akisikiliza. Alikuwa na hofu ya kunyoosha mkono kugusa upande wa pili wa mkeka, maana mkono huo huo ulikuwa umeshanyooshwa siku kama hii na kukuta baridi. Mwisho aliunyoosha. Mkeka ulikuwa mtupu.

"Nimekwambia shuka! Shuka sasa hivi, au namwita Penitusi!"

Alifumbua macho. Tilomai alikuwa amesimama chini ya mvinje, nywele timutimu, homa imekwisha, akimtikisia kidole paka aliyekaa pale nyota ilipokuwa. Nyota ilikuwa sakafuni, imebaki na ncha mbili.

"Mama, umeona? Umeona anavyonifanyia? Halafu nina njaa."

Fuatino alikwenda kwenye sanduku, ambalo hakuwa amelifunga tena, akapekua chini ya shuka, akarudi na kijishati cha manjano. Alikipitishia tawi la mvinje kwenye mkono mmoja, akakinyoosha vizuri ili kifungo kiwe mbele.

"Cha nani?" Tilomai aliuliza.

"Cha mdogo wako. Cha Iosua."

Mtoto alikikagua kwa jicho la fundi. "Umekitundika chini mno. Pisupo atakifikia. Weka juu."

"Acha hapo hapo," alisema Fuatino. "Angekuwa na umri wa kucheza na paka sasa."

Pisupo alikuwa ameshateremka. Alikinyemelea kijishati, akatikisa makalio, akaruka, akaning'inia kwenye mkono wake wa manjano kwa kucha zote. Tawi likainama, na Fuatino akakaa chini kutazama.